Kivinjari Kisicho na Dirisha

Nilikuwa natafuta kivinjari chepesi cha kusomea mtandao kwenye kompyuta ndogo ya zamani, bila mfumo wa madirisha. Kioo cha mashine hiyo kina nukta 1024 kwa upana na nukta 600 kwa kimo. Kila nukta inashikwa na baiti nne za kumbukumbu: moja ya bluu, moja ya kijani, moja ya nyekundu, na ya nne imekaa tu kujaza nafasi. Ukizidisha unapata baiti 2,457,600. Hiyo ndiyo picha nzima ya kioo, kuanzia pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, na kwenye mfumo wa uendeshaji wa Linux picha hiyo ni faili. Jina lake ni /dev/fb0.

Usiku mmoja, watu wamelala, niliandika amri ya kumwaga namba za nasibu kiooni:

cat /dev/urandom > /dev/fb0

Kioo kikajaa chenga za rangi, kama runinga za zamani stesheni ikishafunga matangazo. Halafu mashine ikatoa ujumbe kwamba nafasi kwenye kifaa imekwisha. Ilikuwa kweli, maana kioo kilishajaa mpaka ukingoni. Nikafuta, nikafanya kinyume chake: cp /dev/fb0 picha. Nikaangalia ukubwa wa faili, 2457600 kamili. Nikaandikaandika vitu vya ovyo mpaka kioo kikachafuka, kisha nikapiga cat picha > /dev/fb0, na kila kitu kikarudi kama kilivyokuwa dakika mbili nyuma. Miaka yote niliyotumia kompyuta, kioo nilikichukulia kama kitu cha mbali, cha kufikiwa kwa kupitia wengine. Usiku ule nikaona ni namba tu zilizopangwa mstari, na programu yoyote yenye ruhusa inaweza kuziandika.

Kilichonifikisha hapo ni mjomba wangu. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Muheza, na macho yake hayapatani tena na simu. "Mjomba," aliniambia, "haya maandishi ni kama mayai ya chawa. Ukiyakuza yanakimbia pembeni, ukiyapunguza huyaoni. Mimi nataka kusoma tu." Hakutaka video, hakutaka michezo, hakutaka kuchati. Alitaka kukaa barazani asubuhi na kusoma juu ya vita vya Majimaji, juu ya minazi, juu ya nchi alizofundisha wanafunzi wake bila kuwahi kuziona.

Kabatini nilikuwa na kompyuta mpakato ndogo ya 2009. Prosesa ni Atom N270, RAM ni GB 1, na betri bado inashika saa mbili ukiifanyia adabu. Nikaipangusa vumbi, nikaweka Linux yenye eneokazi jepesi, nikaweka kivinjari kikubwa ambacho kila mtu anakijua. Ukurasa wa kwanza ulifunguka. Wa pili ukafunguka taratibu. Kwenye wa tatu mausi iliganda, taa ya diski ikawaka bila kuzimika, na mimi nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi bado ilikuwa inawaka.

Mashine za aina hii zinasukumwa nje ya mlango polepole. Atom N270 ni ya biti 32. Chrome iliacha kutengenezwa kwa Linux ya biti 32 mwaka 2016. Mwaka 2025 Mozilla nao walitangaza kwamba Firefox itafuata njia hiyohiyo, na mwaka huohuo Debian, aina mojawapo ya Linux, ilitoa toleo la 13 ambalo haliji tena na kisakinishi cha prosesa hizi. Kwa hiyo nilibaki na Debian 12, iliyotoka Juni 2023. Ilikuwa hapo au kurudisha mashine kabatini.

Nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: mtu anayetaka kusoma tu anahitaji nini hasa?

Fikiria safari ya herufi moja kwenye kompyuta ya kawaida. Kivinjari kinaamua herufi ikae wapi. Kinaipeleka kwa maktaba ya michoro. Maktaba inazungumza na seva ya X, ambayo ukoo wake unaanzia chuo cha MIT mwaka 1984, au na mwenzake wa kisasa anayeitwa Wayland. Huyo naye anashika hesabu ya madirisha yote: lipi liko juu, lipi limefunikwa, mausi iko juu ya lipi. Kisha ndipo kerneli, yaani moyo wa Linux, inapopokea picha na kuitoa kiooni. Mpango huo una maana kubwa ukiwa na programu sita zinazogombania kioo kimoja. Lakini mjomba ana programu moja, na macho mawili yanayoiangalia. Dalali wa nini, kama muuzaji na mnunuzi wamekaa mkeka mmoja?

Hapa ndipo fremubafa inapoingia. Kerneli inakupa kipande cha kumbukumbu, unaandika rangi, kioo kinaonyesha. Historia yake naipenda. Kompyuta za ukoo wa IBM zilizaliwa na hali ya maandishi ndani ya kadi ya video: safu 80, mistari 25, unatuma herufi na kadi yenyewe inajua kuichora. Amiga, Atari na Macintosh za prosesa ya Motorola hazikuwa na kitu hicho. Hata herufi "a" lazima programu iichore nukta kwa nukta. Walioipeleka Linux kwenye mashine hizo walilazimika kuandika njia ya jumla ya kuchora kiooni, na njia hiyo baadaye ikawafaa wengine wote. Kerneli 2.2 ya Januari 1999 iliileta hadi kwenye kompyuta za kawaida. Wale pengwini wanaojipanga juu ya kioo baadhi ya mashine za Linux zinapowaka, mmoja kwa kila kiini cha prosesa, wamechorwa kwa njia hiyo.

Vivinjari vya maandishi matupu vilikuwepo tangu zamani. Lynx ilianza mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Kansas na mpaka leo inafanya kazi. Hapo Kiswahili kina bahati moja ambayo hatuisemi vya kutosha: lugha yetu nzima inaingia kwenye herufi za msingi kabisa za kompyuta. Hatuna nukta juu wala mkia chini ya herufi. Hata ng' ni herufi mbili na alama moja iliyopo kwenye kila kibodi. Kioo cha maandishi cha Linux hakiwezi kubeba zaidi ya maumbo 512 ya herufi kwa wakati mmoja, na kuna lugha zinazobanwa sana na ukomo huo. Kiswahili hata hakiusikii. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2003, maneno yake ya Kiswahili unaweza kuyasoma yote kwenye teminali nyeusi, yaani kioo cha kuandikia amri, bila kukosa herufi hata moja.

Lakini mjomba ni mwalimu wa jiografia. Alisema, "Ramani je?" Nikanyamaza.

Kivinjari kilichonitoa aibuni kinaitwa Links. Kilianzishwa na Mikuláš Patočka wa Jamhuri ya Cheki mwaka 1999, kikiwa cha maandishi tu. Baadaye kikundi kinachojiita Twibright Labs kikakiongezea michoro, na toleo hilo ndilo watu wanaliita Links 2. Ukiandika links2 peke yake kinafunguka kwa maandishi. Ukiandika links2 -g ukiwa kwenye teminali tupu, bila X wala Wayland, kioo kinageuka ghafla kuwa cheupe, maandishi yanakuwa laini kama ya kitabu, na picha zinatokea mahali pake. Mara ya kwanza niliruka kwenye kiti.

Kwangu mimi hakikufunguka mara moja. Kililalamika kwamba hakina ruhusa ya kufungua /dev/fb0, kwa sababu faili hiyo ni ya kundi la video na mtumiaji niliyemfungulia mjomba hakuwemo. Amri moja ikamaliza kazi:

adduser mjomba video

Kisha nikasakinisha gpm, programu ndogo ya siku nyingi inayoipa teminali uwezo wa kutumia mausi. Links inazungumza nayo moja kwa moja. Mshale ukaonekana, nikabofya kiungo, ukurasa ukafunguka. Hapakuwa na dirisha la kufunga, wala aikoni, wala saa pembeni.

Kuna jambo kwenye Links ambalo sijaliona kwingine. Herufi zake haizichukui kwenye mfumo. Zimo ndani ya programu yenyewe, zilichorwa kama picha na kufungiwa humo. Ndiyo maana unaweza kuipeleka kwenye mashine isiyo na fonti hata moja na bado ikaandika vizuri. Picha nazo haizitupi tu kiooni. Inafanya hesabu zake za mwanga na kulainisha rangi, hivyo picha ya mlima kwenye kile kioo kilichofifia inaonekana bora kuliko nilivyotarajia. Walioiandika walijali namna jicho linavyoona, na kujali huko kunaonekana.

Kwa macho ya mjomba kulikuwa na dawa moja kwa moja kwenye amri:

links2 -g -driver fb -html-user-font-size 28 ~/mwanzo.html

Namba 28 tuliifikia pamoja, yeye kakaa barazani nami napandisha mbili mbili. Ilipofika 24 akasema "karibu." Ilipofika 28 hakusema kitu, alianza kusoma.

Faili la mwanzo.html niliandika kwa mkono, mistari isiyofika ishirini. Kichwa cha habari, halafu viungo: Wikipedia ya Kiswahili, magazeti mawili yanayofunguka vizuri, utabiri wa hali ya hewa, na folda ya maandiko yake mwenyewe, maana mzee anaandika historia ya ukoo na mjukuu mmoja anamchapia. Hakuna rangi, hakuna mbwembwe. Nilimwonyesha faili lenyewe likiwa uchi, na mabano yake yote. Akalisoma taratibu kisha akasema, "Kumbe ni kama kuandika ubaoni na kupigia mstari chini." Ndivyo hasa.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuifanya mashine iwake na kufika hapo bila yeye kuandika amri. Kwenye systemd, programu inayowasha huduma za Linux, unaiambia teminali ya kwanza imwingize mtumiaji moja kwa moja, kwa kuongeza --autologin kwenye agetty, programu inayofungua teminali. Halafu kwenye faili la .bash_profile la mjomba nikaweka mstari unaosema: kama hii ni tty1, yaani ile teminali ya kwanza, anza Links kwa exec. Hilo neno exec ndilo lenye siri. Links inachukua nafasi ya shell yenyewe, ile programu inayopokea amri, kwa hiyo mjomba akibonyeza q kwa bahati mbaya na kukubali kutoka, kikao kizima kinakwisha, teminali inamwingiza upya, na baada ya sekunde chache yuko tena kwenye ukurasa wake wa mwanzo. Hana mahali pa kupotelea. Alijaribu makusudi mara tatu, kama anavyojaribu mlango mpya, na mara zote tatu alirudi nyumbani.

Pembeni ya kibodi nimembandikia kipande cha karatasi kwa selotepu: Page Down kushuka, z kurudi nyuma, mkwaju (/) kutafuta neno, g kuandika anwani, nyota kuwasha na kuzima picha. Hiyo nyota inaokoa bando. Akitaka maneno tu anazima picha, akifika kwenye ramani anaziwasha. Na kwa kuwa Links haiendeshi kabisa JavaScript, yaani programu zinazopachikwa ndani ya kurasa, matangazo na vifuatiliaji vingi havipati mahali pa kukanyaga. Bando lake la wiki, ambalo kwenye simu lilikuwa linaisha Jumatano, sasa linavuka Jumapili.

Nisikufiche, kuna vitu haviko sawa. Links haifuati CSS, yaani maelekezo ya mpangilio wa ukurasa, kwa maana ya kueleweka, kwa hiyo ukurasa uliopangwa safu tatu unaanguka kuwa safu moja ndefu. Kwenye Wikipedia menyu inaweza kumwagika yote juu kabla hujafikia makala, na inabidi ushuke, ushuke, ushuke. Mjomba ameizoea, anasema ni kama dibaji za vitabu vya zamani, unazipita. Mimi inaniudhi kidogo.

Kwa ajili ya udhi huo nilijaribu NetSurf. Hiki kilianza mwaka 2002 kwa mfumo wa RISC OS wa Uingereza, na watu wake wameandika sehemu kubwa wenyewe kwa lugha ya C: kisomaji cha HTML, kisomaji cha CSS, hata maktaba ya kuchorea kwenye fremubafa. Kwenye Debian kifurushi chake kinaitwa netsurf-fb. Kinakuja na vitufe vyake juu, mshale wake, hata kibodi ya kuchorwa kiooni kwa wenye skrini ya kugusa. Kurasa zinapangika zinavyotakiwa, na menyu zinakaa pembeni. Kama kazi yangu ingekuwa kuweka kioo cha maelezo ukutani maktaba au kituo cha mabasi, ningeanza na hiki. Kwa mjomba nilirudi Links, kwa sababu maandishi yake yalimpendeza zaidi na kwa sababu ya wepesi wa kukuza herufi. Chaguo ni la msomaji.

Kuna pia w3m, cha Akinori Ito wa Japani, cha 1995. Ni cha maandishi, lakini ukiongeza kifurushi cha w3m-img kinabandika picha juu ya maandishi kwenye fremubafa. Kwangu picha zilikuwa zinafutikafutika nikishuka ukurasa. Mimi mwenyewe nakitumia kwenye seva, na huko sikibadilishi kwa Links. Na Dillo, ambacho wengi watanitajia, ni chepesi kweli, kilianza 1999 na mwaka 2024 kimefufuka na toleo jipya baada ya ukimya mrefu, ila kinahitaji X. Kwa makala hii kinabaki mlangoni.

Sasa kuna kosa moja la kufikiri ambalo nami nililifanya, na naona wengi wanalifanya: kudhani kwamba uzito uko kwenye madirisha. Ungekuwa huko, kuyaondoa kungetosha. Ipo programu inaitwa Cog, ya kampuni ya Igalia ya Hispania, inayotumia injini ya WebKit (sehemu ya kivinjari inayosoma na kuendesha kurasa) na inaweza kuchora moja kwa moja kwa njia ya DRM, yaani mrithi wa kisasa wa fremubafa, bila X wala Wayland. Haina dirisha hata moja. Inaendesha JavaScript, video, na karibu kila tovuti. Nayo kwenye RAM ya GB 1 ukifungua ukurasa mzito inahema kama mbwa wa mchana, kwa sababu mzigo umo kwenye injini na kwenye ukurasa wenyewe. Seva ya X na meneja mdogo wa madirisha wanakula kidogo sana ukilinganisha. Nilichookoa kwa kuondoa madirisha ni kumbukumbu kiasi, sekunde kadhaa za kuwaka, na vitu vingi vya kumchanganya mzee. Nilichookoa kwa kuchagua Links ni mashine yenyewe.

Kwa hiyo anayetafuta kivinjari chepesi kisicho na mfumo wa madirisha ajiulize kwanza kama anataka "chepesi" au anataka "bila madirisha." Mtu wa kioo cha matangazo, mwenye kompyuta mpya ya ubao mmoja, anataka la pili, na Cog itamfaa sana. Mwenye mashine ya 2009 anataka la kwanza, na lazima akubali kupoteza sehemu ya intaneti.

Sehemu yenyewe ni ipi, niliijua wiki ya tatu. Mjomba alisikia kwamba taasisi moja inayohusu wastaafu imetoa tangazo kwenye tovuti yake. Akaandika anwani kwa vidole viwili, akabonyeza Enter, akapata ukurasa mweupe wenye sentensi moja ya Kiingereza inayomwambia awashe JavaScript. Alinipigia. "Mjomba, wameniandikia kwa Kiingereza kwamba sina kitu."

Nilipokwenda kwake nilibonyeza alama ya mkwaju wa nyuma (\), ambayo kwenye Links inaonyesha ukurasa ulivyoandikwa kwa ndani. Sehemu yote ya maneno ilikuwa hivi:

<div id="root"></div>

Boksi tupu. Tangazo lenyewe, ambalo nililisoma baadaye kwenye simu yangu, lilikuwa aya tatu na tarehe moja. Aya tatu! Zingeingia kwenye baiti elfu mbili. Badala yake zilifichwa nyuma ya mafaili makubwa ya programu ambayo lazima yashushwe, yafunguliwe na yaendeshwe kabla mstaafu hajajua siku ya kupeleka barua yake. Sina ugomvi na JavaScript. Ramani inayosogea inaihitaji, fomu ya benki inaihitaji. Nina ugomvi na tangazo la maandishi linalokataa kusomwa kama maandishi. Kama unatengeneza tovuti kwa Kiswahili, na najua baadhi yenu mnaosoma hapa ndiyo kazi yenu, tafadhali fungueni ukurasa wenu kwa Links mara moja tu kabla ya kuukabidhi. Dakika moja. Kama maneno yanaonekana, mmemfikia mjomba, na mmewafikia pia vipofu wanaosomewa na mashine, na mwenye simu ya bei ndogo mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka.

Nilimchapishia tangazo lile kwenye karatasi. Alilisoma akiwa amesimama, kisha akalikunja na kuliweka mfukoni bila kusema neno. Lile lilinichoma kuliko simu yake.

Tatizo la pili lilikuwa la kwangu mwenyewe. Mjomba alisafiri kwenda msibani, akakaa huko miezi miwili, mashine ikabaki mezani. Aliporudi, kila tovuti ilikataa kufunguka kwa madai kwamba cheti cha usalama hakifai. Nilihangaika na mtandao karibu saa nzima kabla sijaandika amri ya date. Ile betri ndogo ya saa iliyo kwenye ubao, CR2032, ilikuwa imekufa, na mashine ilidhani bado tuko nyuma kabisa. Vyeti vingi vya tovuti siku hizi hudumu siku 90 tu, kwa hiyo kwa saa ya mashine ile vilikuwa bado havijazaliwa. Nilikuwa nimeweka Debian iliyopunguzwa mno mpaka nikaacha kifurushi cha systemd-timesyncd kinachorekebisha saa kupitia mtandao. Nikakiweka, nikanunua betri mpya dukani kwa fundi saa, nikafungua skrubu saba chini ya mashine. Ukifufua kompyuta ya zamani, anza na betri hiyo. Utaniombea dua.

Ninachokiogopa kwa mbele ni /dev/fb0 yenyewe. Wanaotunza kerneli wanaiona fremubafa ya zamani kama mzigo, na nawaelewa, kwa sababu DRM inafanya mengi zaidi na kwa usalama zaidi. Siku hizi hata kwenye mashine ya mjomba faili lile ni kivuli tu: dereva wa kweli ni wa DRM, naye anaigiza fremubafa ili programu za zamani ziendelee kuishi. Mwaka 2020 kerneli iliondoa uwezo wa kurudisha nyuma maandishi ya teminali kwa Shift na Page Up, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuutunza msimbo huo. Mwaka 2023 iliingizwa njia ya kutengeneza kerneli ambayo teminali yake inachorwa kama kawaida lakini faili za /dev/fb hazitolewi kabisa. Debian 12 bado inazitoa. Mbele ya hapo, vivinjari hivi itabidi vijifunze DRM, na hiyo ni kazi ya watu wenye muda na moyo. Kama wewe ni mwanafunzi wa kompyuta unayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho, huu hapa, umekaa wazi.

Jumapili iliyopita nilipita Muheza na mausi mpya mfukoni, ya zamani ilikuwa inabofya mara mbili yenyewe. "Shikamoo mjomba," nilisema toka uani. Akaitikia marahaba bila kugeuka. Alikuwa kasogeza kiti karibu na meza, miwani kaipandisha kwenye paji la uso kwa kuwa haihitaji tena, na kwenye kioo kulikuwa na ramani ya reli ya Tanga iliyojaa kutoka ukingo hadi ukingo. Chini yake maandishi makubwa meusi. Nilitaka kuketi nimweleze habari za mausi. Akainua kiganja.

"Ngoja kwanza nifike Mombo."